Makopo yangu 96 yamevuja njiani kwenda Arua. Tuongee ukweli kuhusu vifungashio vya vipodozi na hizi fasheni mpya

MamaShea_Kawempe:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Uzi huu ni mrefu, naombeni mnivumilie, hili jambo limenikaa rohoni miezi mingi na najua humu tupo wengi tunaotengeneza mafuta, sabuni na losheni majumbani mwetu, Kampala, Gulu, Arua, Mbarara mpaka Busia.

Mi natengeneza krimu ya shea. Natumia shea yetu ya kaskazini, ile ya Lango, Acholi na West Nile wanayoita moo yao, sio ile ya Ghana au Burkina Faso. Wanaoijua wanajua ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa sababu ina oleini nyingi zaidi, yaani ile sehemu ya mafuta isiyoganda upesi, ukiipaka inaingia kwenye ngozi hata hujasugua. Sasa ulaini huo huo ndo mtihani wenyewe, manake joto likipanda kidogo tu inageuka mafuta ya maji kabisa.

Mwezi wa pili nikapata oda ya kwanza kubwa, makopo 96 kwenda Arua. Nilifurahi sana nikasema safari hii nafungasha kama kampuni. Nikanunua yale makopo ya kuta mbili, nje yanang'aa kama glasi, ndani kuna kakopo kadogo keupe, mfuniko wa dhahabu. Lebo nikachapisha ya karatasi, nzuri, ina ua la mshea. Boksi zikaingia buti ya basi asubuhi, karibu kilomita 500, jua la kiangazi juu na joto la injini chini. Jioni shangazi mwenye duka akanitumia picha. Mafuta yalikuwa yamepanda kwenye mizunguko ya mfuniko yakashuka nje ya kopo, lebo zimelowa zimekuwa kama karatasi ya kufungia mandazi, na tarehe ya kuisha muda haisomeki hata moja. Akanipigia, akasema, "Mwanangu, mafuta yako mazuri, ila kopo linaloteleza mkononi nitamuuzia nani?"

Hakunigombeza, na hilo ndo liliniuma zaidi. Nilirudisha hela yote.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma vifungashio tu, usiku na mchana. Na nilichogundua ni kwamba nilinunua kopo kwa macho. Sikuuliza litapita wapi, litakaa kwenye joto gani, nani atalifungua na likiisha litaenda wapi. Nataka tupitie hizi fasheni mpya moja moja tuone ipi inatufaa na ipi tuwaachie wenye hali ya hewa yao.

Nianze na pampu isiyoingiza hewa. Hizi mmeziona kwenye seramu za bei. Ndani hamna mrija. Kuna kisahani chini, ukibonyeza pampu bidhaa inatoka, kisahani kinapanda kujaza nafasi, kwa hiyo hewa haiingii na kidole hakigusi kilichobaki. Kwa vitamini C ni jambo la maana kabisa kwa sababu vitamini C ikikutana na hewa na mwanga inaharibika inageuka rangi ya kahawia. Kwa losheni ya majimaji pia safi sana. Ila kwa shea tupu mi nimejaribu, asubuhi ya baridi imeganda pampu inabonyea haitoi kitu, mchana imeyeyuka inamwagika kama mafuta ya kupikia. Sio kosa la pampu, ni ndoa isiyofaa.

Tyubu. Hii naipenda. Wengi hawajui kwamba tyubu ya kuminya haikuanza kwa dawa ya meno, ilibuniwa na mchoraji wa Marekani John Goffe Rand mwaka 1841 kwa ajili ya rangi zake za mafuta zisikauke. Yaani mtu alikuwa na shida ya kweli mkononi mwake akaitafutia chombo, hakuanza na urembo. Tyubu inavumilia kudondoka, haivunjiki kwenye boda, na mtu haingizi vidole. Tatizo letu ni mashine ya kuziba ule mkia kwa joto, na wauzaji wa nje wanataka uchukue maelfu kwa mkupuo. Siku hizi kuna na tyubu za karatasi, L'Oréal na Albéa, watengenezaji wa vifungashio, walitangaza yao 2019, sehemu kubwa ya plastiki imebadilishwa na kitu kama karatasi ingawa mfuniko ulibaki plastiki. Nazifuatilia kwa moyo wote, ila baada ya kuona lebo zangu zilivyolowa mi karatasi na mafuta naviangalia kwa jicho la pili.

Kibati cha alumini. Kila mtu ananishauri hiki, "weka kwenye kibati kama Nivea wa zamani". Kweli kile kibati cha bluu kipo tangu 1925 na watu wanakipenda mpaka leo. Lakini Nivea ni krimu iliyochanganywa na maji, inashikana. Vile vibati vya kufunika kwa kusukuma tu havina mpira wala mzunguko, shea ikiyeyuka inatafuta njia inatoka. Nilijaza kimoja nikakiacha dirishani, saa nane mchana kilikuwa kimekaa kwenye kidimbwi chake.

Haya, sasa linaloniumiza kuliko yote. Kopo la kuta mbili, lile nililonunua mimi. Nje linaonekana la gramu 100, ndani zinaingia 50. Niliona ni la kifahari, leo naona ni kumdanganya mama anayetoa hela yake. Ulaya wameshalitungia sheria, kanuni yao mpya ya vifungashio imeanza kuwa sheria Februari 2025, na kuanzia 2030 kuta mbili na vitako vya uongo vilivyowekwa ili tu kitu kionekane kikubwa havitaruhusiwa sokoni kwao. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Mteja wa soko la Owino anakipima kwa mkono, akifika nyumbani akakuta nusu yake ni ukuta, hakurudii.

Halafu kujaziwa tena. Huko nje ndo habari ya mjini, makopo ya bei yana kikombe cha ndani unachobadilisha, ganda la nje unabaki nalo. The Body Shop walikuwa wanajazia wateja chupa tangu Anita Roddick alipofungua duka la kwanza Brighton mwaka 1976. Lakini jamani, sisi tumekua na kupimiwa! Bibi zetu walienda na chupa yao dukani wakapimiwa mafuta ya kupaka, ya kupikia, ya taa. Tuliacha kwa sababu tuliambiwa ni umaskini, na sasa inarudi na jina jipya na bei juu. Mi nataka kuirudisha saluni: ndoo moja safi ina bomba, mteja anakuja na kopo lake.

Nimeandika mengi, nisikilizeni na nyie. Nani ameshapata kopo lisilovuja kwenye joto? Na nani ana wazo kuhusu lebo?

---

Mchapaji_256:

Pole sana dada. Mi niko kwenye uchapaji Nasser Road miaka mingi, nikwambie kitu kimoja, watu wanakuja na picha kwenye simu wanasema nichapishie kama hii, hawasemi inabandikwa kwenye nini. Ukisema tu "ni mafuta" tunabadilisha kila kitu. Kwa mafuta usichukue karatasi hata iwe imepakwa gloss, chukua stika ya plastiki ya PP, gundi yake iwe ya kudumu na juu upake lamineti. Wino wa mashine ya kawaida ya ofisini ukikutana na mafuta unatembea.

Na jambo la pili, futa kopo kwa spiriti kabla hujabandika. Nimeona mtu anajaza kwanza halafu anabandika na mikono ina mafuta, halafu anasema gundi mbovu. Bandika kopo likiwa tupu na kavu, ndo ujaze.

Tarehe na namba ya bechi usichapishe pamoja na lebo, acha kidirisha cheupe ugonge muhuri kila ukitengeneza. Kwa hiyo unaweza kuchapisha lebo 1,000 kwa bei nafuu ukazitumia mwaka mzima.

---

MamaShea_Kawempe:

@Mchapaji_256 ssebo Mungu akubariki. Hilo la kubandika kopo tupu sikuwahi kuambiwa, mi ndo nilikuwa najaza kwanza!! Nimeandika kwenye daftari.

---

Kemia_Mbarara:

Nyongeza kidogo, mimi nimesomea kemia na nafanya kazi kwenye kutengeneza vipodozi.

Kwanza wazo la kujazia. Linafaa kwa shea tupu kwa sababu haina maji, na bakteria wanahitaji maji ili waongezeke. Ila msichukue wazo hilo hilo mkaliweka kwenye losheni au krimu yenye maji! Mteja anakuja na chupa aliyoisuuza kwa maji ya bomba haikukauka vizuri, matone mawili yamebaki chini, unamjazia losheni juu yake, baada ya wiki mbili kuna ukungu au kitu kibaya zaidi ambacho hata hakionekani kwa macho. Losheni yenye maji ijaziwe kwa pakiti zilizofungwa kiwandani au kwa kubadilisha chupa, anarudisha tupu anachukua iliyojaa.

Pili, kuvuja. Dawa yake ni ile karatasi ya alumini inayobandikwa mdomoni mwa kopo. Kuna mashine ndogo za mkono, unaweka kakaratasi ndani ya mfuniko, unafunga, unapitisha mashine juu, alumini inapata moto kwa sumaku ya umeme na gundi yake inashika mdomo wa kopo. Lakini sharti mfuniko uwe plastiki tupu. Mfuniko wa chuma, au uliopakwa chuma kama huo wako wa dhahabu, unavuruga kazi. Na kopo na gundi ya karatasi viwe vinaelewana, kopo la PP linataka karatasi ya PP, ukiweka ya PET, ile plastiki ya chupa za soda, haishiki.

Tatu, shea ikiyeyuka ikapoa polepole inafanya chenga chenga. Wateja wanafikiri imeharibika, kumbe ni mafuta magumu yameganda peke yake. Ukishajaza ipoze haraka, friji inatosha. Ikiyeyuka tena dukani chenga zitarudi, kwa hiyo andika kwenye lebo wazi kwamba inaweza kuyeyuka kwa joto na bado ni nzima.

---

Busia_Duka_la_Mpakani:

Mi nauza vipodozi Busia, napokea vya Kenya, vya hapa kwetu na vya kutoka mbali. Naomba niongelee mfuniko wenye pete inayokatika mara ya kwanza kufungua. Kwangu hiyo ndo ubunifu namba moja, kuliko mfuniko wa dhahabu na kuliko zile alama za QR za kuskani kwa simu. Kuna watu wananunua machupa matupu ya pafyumu na losheni zenye jina, wanajaza vitu vyao, wanarudisha sokoni. Mteja wangu alishawahi kuniletea chupa niliyomuuzia imemchubua uso, nilitetemeka, kumbe mzigo niliuziwa vile na mimi sikujua. Tangu siku hiyo kitu hakina pete wala karatasi ya mdomoni sikiweki kwenye rafu, hata kama bei yake ni nusu.

Ndo maana hilo la kujazia linanitia wasiwasi mama. Leo wewe unajazia kwa uaminifu, kesho mwenye saluni anaongeza mafuta ya kupikia kwenye ndoo yako, jina linaloharibika ni lako.

---

MamaShea_Kawempe:

@Busia_Duka_la_Mpakani umenigusa penyewe mzee wangu, hilo sikulifikiria kwa kina. Nimekaa nalo tangu jana. Naona ndoo yenyewe iwe imefungwa na mimi, ina pete ya kukatika kwenye mfuniko na namba ya bechi, saluni wasiweze kuongeza kitu bila kuivunja, ikiisha wananirudishia. Na nianze na saluni mbili tu za watu ninaowajua, nisikimbilie kumi.

@Kemia_Mbarara nimeuliza pale sokoni Kikuubo, makopo ya PP ya ukuta mmoja yapo na mfuniko wa plastiki tupu upo, mweupe. Hauna mvuto kama wa dhahabu lakini nimechoka na mvuto.

---

Kijana_wa_Bombo:

Kwenu wote shikamooni. Nina jambo ambalo hamjaligusa. Mama yangu haoni. Bafuni kwetu kuna chupa tatu za umbo moja, shampuu, kondishona na losheni, na yeye amezifunga mpira wa nywele ili azijue: shampuu mpira mmoja, kondishona miwili. Siku mdogo wangu alipochukua mpira mmoja akafungia nywele zake, mama alijipaka kondishona mwili mzima akaingia nayo msikitini inateleza shingoni. Hakusema kitu ila nilimuona alivyoumia.

Herbal Essences, wale wa shampuu, walitangaza 2018 kwamba wanaweka alama za kugusa chini ya chupa zao, mistari kwa shampuu, vidoti kwa kondishona. Sio Braili, ni alama tu ambazo hata mtu mwenye sabuni machoni anazitambua. Hiyo ndo teknolojia ninayoisubiri hapa, na haihitaji umeme wala intaneti.

---

Mchapaji_256:

@Kijana_wa_Bombo hii inawezekana kabisa, kuna wino wa kuinuka tunaupaka juu ya stika, unakuwa kama tone la gundi lililokauka, ukipitisha kidole unaligusa. Tunautumia kwenye kadi za harusi siku zote! Sijawahi kuwaza kuuweka kwenye mafuta. Nipeni muundo nitajaribu.

---

MamaShea_Kawempe:

@Kijana_wa_Bombo nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mpe mama salamu zangu nyingi. Lebo mpya itakuwa na alama, krimu ya mwili mstari mmoja, ya nywele vidoti viwili, na zitakaa karibu na mdomo wa kopo ambapo kidole gumba kinatua mtu akifungua. Muulize yeye mwenyewe kama hapo ndo mahali pake, asiposema ndiyo sichapishi.

Sasa na mimi niseme lile la taka maana nilisahau. Mwezi wa 8 mwaka 2024 mlima wa taka wa Kiteezi ulianguka ukafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Mi nakaa sio mbali na kule. Tangu siku ile kila kopo ninalouza nalifuata kwa mawazo mpaka mwisho wake. Kuna dada anaokota plastiki mtaani kwetu, nilimpelekea vifungashio vyangu vyote mezani nikamwomba aniambie angebeba kipi. Alichukua chupa za PET zisizo na rangi, akachukua na kopo la ukuta mmoja. Pampu aliigeuza geuza akaibonyeza, akaiweka pembeni, "hii ina chuma tumboni, nani ataitoa?" Kweli ndani ya pampu ya kawaida mna springi ya chuma na kigololi na plastiki za aina aina. Ndo maana huko nje kampuni kama Aptar wameanza kutengeneza pampu za plastiki tupu, hazina chuma. Na lile kopo langu la kuta mbili hakuligusa kabisa, alisema ni plastiki mbili zimeshikana, akikata wembe unakatika.

Yule dada hajasoma hizi habari za Ulaya za kifungashio cha aina moja ya plastiki, lakini alinifundisha yote ndani ya dakika tano.

---

Arua_Park_Mdogo:

Dada, na lugha? Lebo zako naona zote Kiingereza. Mzigo wa Arua unavuka kwenda Bunia na Ariwara, kule mteja anaelewa Kiswahili. Hata hapa kwetu serikali ilishasema Kiswahili lugha rasmi. Orodha ya viungo iache kwa majina yake ya kimataifa kwa sababu ndo utaratibu, ila namna ya kutumia na onyo weka Kiswahili. Ile alama ya kikopo kilichofunguliwa chenye "12M" pia, watu hawajui maana yake ni miezi 12 tangu ufungue, andika kwa maneno.

---

Kemia_Mbarara:

Namuunga mkono. Na kabla hujachapisha hakikisha umepita UNBS, lile shirika la viwango la Uganda, na kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346. Ni bora ukosolewe kwenye karatasi kuliko kwenye stika 1,000.

---

MamaShea_Kawempe:

Narudi na mrejesho, wiki tano zimepita samahanini kwa kimya.

Nimejaza makopo 24 ya PP ukuta mmoja, mfuniko mweupe wa plastiki, karatasi ya alumini nimebandika kwa mashine ya mkono niliyoazima. Lebo za @Mchapaji_256 zina maneno ya Kiswahili na Kiingereza, na mama yake @Kijana_wa_Bombo aliomba alama zisogezwe kidogo kushoto kwa sababu yeye hufungua kwa mkono huo, zikasogezwa. Nikayapanga 12 kichwa chini juu ya tishu ndani ya gari la jirani yangu lililofungwa vioo, juani, siku tatu mfululizo. Mchana ukiyatikisa unasikia mafuta yanacheza kama maji. Siku ya nne nikayatoa nikaangalia tishu moja moja.

Kumi na moja tishu kavu kabisa. Moja ilikuwa na duara la mafuta kama shilingi, nikalifungua nikakuta karatasi ya alumini imekunjika upande, niliiweka vibaya mwenyewe. Lebo zote zimeshika, nimezisugua na kidole chenye mafuta, tarehe inasomeka.

Yale 12 mengine nimemtumia shangazi wa Arua kwa basi, bila malipo, nikamwambia asiniambie chochote mpaka ayashike kwa mkono wake. Jana jioni amenipigia. Anataka 48 kabla ya Ijumaa, na ameuliza vile vidoti viwili ni vya nini.